Jiwe la Hatua Arobaini

Hollin, 20 Januari 1646

Mume wangu Gervase,

Hii ni barua ya nne tangu Noeli, na Noeli yenyewe hatukuruhusiwa kuila, maana Bunge limeikataza. Sajenti wa Bunge alikuja jikoni, akanusa, akaniuliza kama ule ni mkate wa sikukuu. Nikamwambia ni mkate wa njaa. Akala kipande kikubwa kuhakikisha.

Mimi na Thomasin hatujambo. Askari thelathini wamelala ukumbini na sisi tumehamia juu ya chumba cha jibini, ambako kuna harufu lakini pia kuna joto la ng'ombe. Mwanao ametimiza miaka tisa na anasema akiwa mkubwa ataolewa na mtu asiye na upande. Nimemwambia mtu huyo amekwisha kufa.

Sasa sikiliza, kwa maana habari hii ni nzito. Wiki iliyopita baridi ilizidi, wale askari wakavunja sanduku la hati wakachoma kila kilichokuwamo. Hati ya Hollin imekwenda na moshi, pamoja na ile ya siku ya ndoa yetu, uliyoniandikia nyumba, bustani ya pea na konde lote hadi kwenye jiwe la mpaka na Overbrook. Nililia, sikufichi.

Kamati ya Bunge kule Wenbury inasema mali ya mtu aliyemfuata Mfalme inachukuliwa, ila iliyoandikwa kwa mke kabla ya vita haiguswi. Nikawaambia hati mmeichoma ninyi wenyewe. Wakanong'onezana, kisha wakakubali jambo la zamani: siku za kuzunguka mipaka, mwezi wa Mei, nitatembea mpaka wote mbele ya karani wao, nami nitaapa kwa Biblia penye kila alama kwamba ndipo ilipokuwa tangu mwanzo. Nikiapa sawasawa, Hollin inabaki yetu. Ikionekana alama moja ni ya uongo, madai yote yanaanguka na tunatoka na nguo tulizovaa.

Jirani yetu Josias Wheelock ni mjumbe wa Kamati hiyo. Muda wote alikuwa akiangalia kofia yake. Hapigi kura kwa sababu mpaka ni wake pia.

Basi usiwe na wasiwasi. Kuapa jambo la kweli si kazi. Thomasin anauliza kama naye atagongeshwa makalio juu ya mawe ya mpaka kama ilivyo desturi, ili asisahau. Nimemwambia ndiyo, na kwa nguvu.

Wako,
Ursula


Oxford, 14 Februari 1646

Mke wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia ndani ya bonge la jibini la yule mama Joan Tibbet. Nimeisoma ikiwa na mafuta, na jibini nimelila, kwa hiyo nimeshiba mara mbili.

Mfalme ni mzima. Sisi wabunge tuliomfuata tunakutana bado katika ukumbi wa chuo, ingawa Bunge la London limetufuta majina. Jana tulibishana saa mbili nzima kuhusu nani akae karibu na moto. Mimi nilishinda, kwa hoja.

Kuhusu hati, pole sana. Lakini Ursula, nakuomba usiape. Haifai mke wa mtu mwenye heshima kusimama konde wazi, mbele ya karani na sajenti, ameshika Biblia kama shahidi wa mwizi wa kondoo. Mwachie mzee Hamnet Purslow aape. Yeye amepanda nyua za Hollin miaka sitini na anaijua mipaka kuliko fuko. Au subiri. Mambo yatageuka, Mfalme anategemea jeshi kutoka Ireland, na mwezi wa Mei huenda Kamati yenyewe isiwepo.

Mguu wangu mzima kabisa, ukisikia vinginevyo usiamini.

Mpe Thomasin busu. Narudia: usiape.

Mumeo,
Gervase Padmore


Hollin, 16 Machi 1646

Gervase,

Mguu gani? Sikuwa nimeuliza habari za mguu wowote. Sasa najua una mguu mbaya, na unajua kwamba najua, kwa hiyo tuache.

Umeniambia nisubiri. Nimesubiri tangu siku ulipopanda farasi ukasema utarudi kabla ya mavuno. Hukusema mavuno ya mwaka gani. Nilizaa mtoto wetu wa mwisho peke yangu, nikamzika peke yangu, na hii nyumba nimeishika kwa meno. Leo unaniambia haifai kwa heshima yangu. Heshima yangu, bwana, inalala juu ya ng'ombe.

Na Hamnet Purslow hawezi kuapa. Tulimzika Jumanne. Nilikaa naye usiku wa mwisho kwa sababu hakuwa na mtu. Alikuwa akiweweseka habari za majembe na matope, halafu akanishika mkono, macho yametulia kabisa, akaniambia, "Mwambie Bwana mimi nilichimba pale aliponionyesha. Kosa si langu."

Nikamuuliza kosa gani. Akasema Bwana anajua. Basi Bwana, unajua nini?

Ninakuuliza kwa sababu umenikataza mara mbili katika karatasi moja, na wewe si mtu wa kurudia maneno isipokuwa ukiwa Bungeni au ukiwa na hofu. Mwezi wa Mei si mbali. Bila kiapo hicho mimi na mwanao hatuna paa. Kama kuna jambo, liseme. Mimi si spika wa Bunge, huhitaji kuomba ruhusa ya kusimama.

Na usinijibu habari za heshima.

Ursula


Oxford, 25 Aprili 1646

Ursula,

Nimechana barua nne kabla ya hii. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha miaka sita.

Jiwe la mpaka wa Overbrook si pahala pake. Mimi ndiye niliyelihamisha.

Unakumbuka ukame wa kiangazi kile kabla ya mafuriko. Kisima chetu kilikauka na ng'ombe kumi na wanne walikufa mbele ya macho yangu, na hatua chache ng'ambo ya mpaka chemchemi ya Josias ilikuwa ikibubujika kama haina habari. Kisha majira ya baridi mto ukafurika, ukaling'oa jiwe na kuliviringisha matopeni. Josias alikuwa kitandani na homa. Hamnet na wenzake watatu wakasimama na majembe wakaniuliza, "Bwana, tulisimike wapi?" Sikusema neno lolote. Nilinyoosha fimbo tu. Fimbo ikaonyesha hatua arobaini ndani ya konde la Josias, ng'ambo ya chemchemi. Wakachimba.

Mwezi wa Mei uliofuata tulizunguka mipaka kama kawaida. Kasisi akasimama penye jiwe lile akasoma kwamba alaaniwe mtu aondoaye alama ya mpaka wa jirani yake, na watu wote waseme Amina. Nilisema Amina, Ursula. Nilisema kwa sauti kuliko wote. Mwaka uliofuata nikaisema tena, na wa tatu tena.

Na kuna baya zaidi. Unakumbuka hotuba yangu Bungeni, ile iliyochapishwa, uliyoiweka karibu na kitanda chako. Nilisema kwamba Mfalme ana mpaka wake na Bunge lina mpaka wake, na anayesogeza jiwe la kale hata shubiri moja anavunja ufalme. Watu walipiga meza. Josias, mbunge mwenzangu siku zile, alikuwa ameketi mbele yangu. Akasimama, akavaa kofia, akatoka nje. Miezi kadhaa baadaye alijiunga na jeshi la Bunge. Toka siku hiyo najiuliza kama nililipatia Bunge kanali mzima kwa kunyoosha fimbo.

Siwezi kukuacha ule kiapo cha uongo kwa ajili ya dhambi yangu. Nyumba ni mawe na chokaa. Wewe ukiapa uongo bila kujua, laana nimekutwika mimi.

Ndani ya barua hii kuna nyingine, ya Josias, nimeiacha wazi. Humo nimeungama kila kitu. Ukimpa, atakuwa na ushahidi wa kutuangusha siku hiyohiyo. Ukiichoma, hakuna atakayejua, maana Hamnet amekufa na wale watatu walikufa vitani. Nimeogopa kuchagua, nakuachia wewe, na hilo nalo ni woga, najua.

Maadui wapo umbali wa siku mbili na wanasema Mfalme anajiandaa kutoka. Mama Joan anaondoka sasa hivi na jibini lake. Mungu amfikishe kabla hujaweka mkono kwenye Biblia.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, niandikie hivyohivyo.

Gervase


Hollin, 5 Mei 1646

Mume wangu,

Sijapata jibu lako. Wanasema Oxford imezingirwa na hata panya haingii, kwa hiyo naandika na kuiweka barua hii chini ya godoro hadi njia itakapofunguka. Jana tulizunguka mipaka.

Tulikuwa watu wapatao ishirini, kila mmoja na ufito wake mweupe wa mti wa kando ya mto. Msalaba haukuwepo wala zaburi, kwa sababu kasisi wetu alishafukuzwa, lakini Sajenti Crake, yule wa mkate, alikuja na Biblia yake kubwa, na karani wa Kamati na kichupa cha wino shingoni. Josias Wheelock alitembea upande wake wa mpaka na mimi wangu. Hakunisalimia isipokuwa kwa kofia.

Penye mwaloni niliapa. Penye daraja niliapa. Penye shimo la chokaa niliapa na Thomasin akagongeshwa, akacheka hadi akapata kwikwi. Nilikuwa na furaha, Gervase. Nilihesabu alama zilizobaki na nikajiona tayari ninafagia ukumbi wangu.

Kisha tukafika kwenye jiwe la Overbrook. Limesimama juani, konde tupu, hakuna hata kichaka. Sajenti akafungua Biblia, akasoma ile laana ya mwenye kuondoa mpaka wa jirani, na watu wakaitika Amina. Karani akanipa Biblia. Nikaweka mkono.

Na hapo makalio yangu yakakumbuka.

Usicheke. Mwaka ule uliponioa nilikuwa mgeni katika parokia, na mgeni hugongeshwa kama mtoto. Mlinibeba mikono na miguu, wewe na Josias, mkanigongesha mara tatu juu ya jiwe hili. Nilivaa kofia mpya ya manyoya, ile ya London. Mliponiinua mara ya tatu tawi la mti wa miiba likaninyakua kofia, likabaki nayo juu. Josias akapanda kuniletea, akararua suruali, na watu wakacheka hadi bia ikawatoka puani. Baada ya hapo sikuwahi kuzunguka tena. Mwaka mmoja nilikuwa mjamzito, mwaka mwingine nilikuwa na msiba.

Nikainua macho. Juu yangu palikuwa na mbingu tu. Mti wa miiba ulikuwa kule nyuma, kwenye ukingo, peke yake, umechanua maua meupe.

Ningeweza kuapa. Nataka ujue kwamba nilifikiri hivyo, na kwa muda si mfupi. Nilimwangalia Thomasin amekaa majanini anavua kiatu. Nilifikiria mvua. Nikakumbuka maneno ya Hamnet, na barua yako ya usiape usiape, na yote yakakaa mahali pake, isipokuwa jiwe.

Nikarudisha Biblia. Nikatembea hadi kwenye mti wa miiba nikihesabu, hatua arobaini, nikageuka nikawaambia, "Mpaka ni hapa. Hapa ndipo nilipogongeshwa. Makalio yangu yana kumbukumbu kuliko karatasi mlizochoma."

Hakuna aliyecheka. Karani akachovya kalamu, akasema kwa upole kabisa kwamba kama ni hivyo alama moja ni ya uongo, na Bibi Padmore anajua maana yake. Nilisema ninajua.

Ndipo Josias akaongea kwa mara ya kwanza siku nzima. Akasema, "Andika kwamba mafuriko yalilitoa jiwe hilo. Mto ulifurika na mimi nina ushahidi. Alama ya uongo ni ile inayoapiwa. Huyu mama amekataa kuiapia." Karani akamuuliza kama ana hakika, kwa sababu jambo hili ni la faida yake, chemchemi inamrudia. Josias akajibu kwamba ndiyo maana amwamini mama zaidi, yeye ndiye anayepoteza maji.

Niliapa chini ya mti wa miiba. Thomasin akagongeshwa juu ya jiwe la kawaida tulilookota, mara tatu, na safari hii alilia kidogo. Karani ameandika. Kamati itatoa jibu kabla ya mwezi kwisha.

Nimekukasirikia na ninakupenda, na leo sijui kipi kiko juu.

Ursula

11 Mei. Mama Joan amefika jana, amechelewa siku sita, alijificha kwenye zizi la nguruwe na jibini lote limeliwa na askari. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ile ya Josias nimempelekea mwenyewe kwa miguu. Sikuona cha kuchagua, ilikuwa na jina lake juu. Aliisoma mlangoni, akasema ahsante, akafunga mlango.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kuungama: kuni tulizochoma majira yote haya ya baridi ni za Josias. Na unga pia. Sikukuambia kwa sababu ungeninyima ruhusa, nami ningeendelea kupokea.


Overbrook, 26 Juni 1646

Kwa Bwana Gervase Padmore, Oxford, kwa mkono wa yeyote mwaminifu

Bwana Gervase,

Nimesikia mji umejisalimisha na mmeruhusiwa kutoka na heshima zenu. Habari ya kwanza ni hii, ili usiende nyumbani na roho mkononi. Kamati imetoa hukumu. Hollin ni ya Bibi Ursula, nyumba, bustani ya pea na konde hadi kwenye mti wa miiba. Askari wataondoka wiki ijayo. Sajenti Crake amesikitika, amezoea jibini.

Ya pili. Umeniandikia kwamba ulihamisha jiwe, kana kwamba unanipa habari. Nilipotoka kitandani baada ya homa ile, kitu cha kwanza nilichokwenda kukitazama ni chemchemi yangu, na nikaikuta kwako. Gervase, mimi nilizaliwa kwenye konde lile. Nilijua tangu siku hiyo.

Sikusema. Mwezi wa Mei nilisimama mkabala nawe kasisi aliposoma laana, nikakuona unaitika Amina. Nikajiambia, ngoja nione ataweza miaka mingapi. Ulikuwa na kifua, nakusifu.

Ya tatu. Unajiuliza kama fimbo yako ndiyo iliyonipeleka Bungeni. Usijipe cheo kisicho chako. Ningepigana na mfalme wako hata ungenipa bonde zima na ng'ombe juu. Nilitoka nje siku ya hotuba yako kwa sababu nilitaka kucheka, na pale ndani si mahali pa kucheka.

Lakini kuna ya nne, nayo ni ngumu kuliko zako zote. Bibi Ursula alipoleta shida yake Wenbury, wenzangu walikuwa tayari kupokea viapo vya mezani. Mimi ndiye niliyewanong'oneza kuhusu kuzunguka mipaka. Nilitaka kiapo kile kiliwe penye jiwe lile, mbele ya watu, baada ya laana. Nilitaka nyumba ya Padmore iape uongo nami nisimame pale nikitazama, ndipo niseme nijualo. Nilikuwa nimeipika siku hiyo kwa miaka sita. Nilimpelekea mkeo kuni kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili nilimchimbia shimo, na usiniulize yalivyokaa pamoja moyoni, sijui.

Kisha akarudisha Biblia akaenda zake chini ya mti wa miiba. Nilikuwa nimepanda mti ule kuleta kofia yake. Nilikuwa nimesahau. Niliona aibu ambayo sijaipata hata vitani.

Kwa hiyo usiniombe msamaha peke yako, tutaombana. Ila swali moja limenikaa kooni miaka yote hii. Kiangazi kile ng'ombe wako walipokuwa wakifa, kwa nini hukuja kuniomba maji? Ningekupa. Ningekufungulia ua na kuwaswaga mimi mwenyewe.

Jiwe lako liko palepale ulipoliweka. Watu wa Kamati walitaka kulirudisha, nikawakatalia. Nimewaambia aliyelipeleka atalirudisha, tena kwa mikono, bila fimbo.

Jirani yako,
Josias Wheelock


Wenbury, kwenye nyumba ya wageni, 9 Julai 1646

Ursula wangu,

Niko mwendo wa siku moja tu kutoka kwako, na nimemlipa mtu wa farasi akutangulie na barua hii kwa sababu sitaki uone kwanza kwa macho. Mguu si mzima. Uliumia kule Naseby mwaka jana na haukunjiki tena. Natembea na fimbo. Ndiyo, ileile. Mungu ana mizaha yake.

Barua zako zote nimezipata kwa mkupuo mmoja, siku mji ulipofunguliwa. Ile ya mti wa miiba nimeisoma hadi mikunjo imechanika. Wenzangu waliniuliza ninalia nini, na mfalme bado hai. Niliwaambia nimeoa vizuri kuliko nilivyostahili. Mmoja akasema wanaume wote husema hivyo wakiwa wameshindwa vita. Huenda, lakini mimi nilishindwa kabla ya vita kuanza.

Bunge halitanirudisha, na nadhani litaishi vizuri bila mimi. Nimeingia humo nikiwa na maneno mengi juu ya mipaka. Mtu aliyeusema mpaka kwa usahihi katika ufalme huu wote ni wewe, na hukuwa na kiti.

Leo nimepita barabara ile ya juu na nimeona bonde letu kwa mbali, moshi unatoka kwenye bomba la jikoni. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara kama mzee. Sijawahi kuutaka mkate wa njaa namna hii.

Josias ameniuliza katika barua kwa nini sikumwomba maji ya ng'ombe. Nimelifikiria njia nzima na jibu ni dogo hadi linatia haya. Sikuomba maji kwa sababu niliogopa angenipa, nami ningebaki mdeni wake.

Mpelekee neno kwamba Jumatatu asubuhi nitakuwa kwenye konde. Aje na majembe mawili, na Thomasin aje na bia. Fimbo nitaiegemeza kwenye mti wa miiba. Hatua arobaini kwa mguu huu zitachukua muda, na jiwe ni zito, lakini tutaliviringisha, nikichoka tutapumzika, tutaviringisha tena. Najua Josias atasimama pembeni akinicheka hadi hatua ya kumi, kisha atashika upande wa pili, kwa maana namjua.

Likishakaa mahali pake, nishikeni mikono na miguu, wewe na yeye, mnigongeshe mara tatu, na msinihurumie kwa sababu ya mguu. Halafu Sajenti, kama bado yupo, aisome ile laana tangu mwanzo. Ninadaiwa Amina moja, na safari hii nitaisema polepole.

Kesho jioni niachie mlango wazi.

Mumeo,
Gervase